Kufunga DRO kwenye milingi ndogo: kazi yote iko kwenye braketi

Flenji ilikuwa ya pampu ya kumwagilia, matundu 6 kwenye duara la mm 80. Mteja aliileta kutoka Ngaramtoni, pampu imesimama, mboga zinanyauka shambani. Nilikaa nayo mchana mzima kwenye milingi yangu ndogo, mashine ya kukata na kutoboa chuma, nikihesabu mizunguko ya hendo. Hendo ya mashine hii husogeza meza mm 2 kwa kila mzunguko, na kutoka katikati ya flenji hadi tundu la pili ni mm 34.64 upande wa Y (meza kwenda mbele na nyuma), yaani mizunguko 17 na kipande. Katikati ya kuhesabu mtu akaniita mlangoni. Jioni matundu 5 yalipokea bolti zake, la 6 likagoma. Nilipopima, lilikuwa limekosea kwa mm 2 kamili: mzunguko mmoja nilioupoteza.

Baada ya hapo niliagiza DRO, kile kifaa cha skrini kinachoonyesha kwa namba meza ilipo. Nimeifunga kwenye mashine yangu, kisha kwenye nyingine mbili za mafundi wenzangu hapa Unga Limited, Arusha, na kila mara nimekutana na jambo ambalo karatasi iliyokuja ndani ya boksi haikulisema. Mwongozo huu ni wa mwenye milingi ya kuweka mezani, au ile ya wastani ambayo kichwa chake kinapanda na kushuka kwenye nguzo, anayetaka kuifunga mwenyewe. Tenga siku mbili ambazo hujamwahidi mtu kazi.

Inapima nini hasa

Hendo inahesabu skrubu imezunguka kiasi gani. Kati ya skrubu na meza kuna nati, nati ina pleyi, yaani ulegevu kidogo, na pleyi hiyo inaongezeka kila mwaka. Ukigeuza mwelekeo, hendo inazunguka kwanza bure ndipo meza ianze kwenda. DRO haijali skrubu. Inapima meza yenyewe, kwa skeli iliyofungwa pembeni yake na kichwa cha kusomea kinachopita juu ya skeli hiyo.

Ndani ya skeli ya kioo kuna kipande chembamba cha kioo kilichochorwa mistari kila baada ya mm 0.02. Kichwa kina taa upande mmoja wa kioo na vihisi upande wa pili. Mistari ikipita, mwanga unawaka na kuzimika mbele ya vihisi. Vihisi vimepangwa vikapishana kwa robo ya nafasi kati ya mstari na mstari, kwa hiyo kila mstari unaopita unatoa mabadiliko manne. Gawanya 0.02 kwa 4, unapata 0.005. Ndiyo maana namba ya mwisho kwenye skrini inaruka kwa tano: 0.000, 0.005, 0.010. Na kihisi kinachotangulia kubadilika ndicho kinachoiambia skrini meza inaenda kushoto au kulia.

Elewa hapo hapo kwamba DRO haiondoi pleyi. Inakuonyesha meza ilipo, lakini endimili, kile kisu kinachozunguka na kukata, bado inaweza kuivuta meza ndani ya pleyi ile ukikata kwa kufuata mzunguko wake. Kufuli za meza utaendelea kuzikaza kama zamani.

Uchague ipi

Ziko aina tatu unazoweza kukutana nazo. Ya kwanza ni skeli zinazofanana na vernia kalipa ya betri, zinazosoma hadi mm 0.01. Ni rahisi kufunga na unaweza kuzikata kwa msumeno, ila hazipendi unyevu, na mota yenye kidhibiti cha mwendo ikiwa karibu namba zake huanza kucheza. Ya pili ni ya sumaku: utepe wenye sumaku ndogo ndogo zilizopangwa kwa zamu, na kichwa kinachopita juu bila kuugusa. Hii inavumilia mafuta na maji, na ni nyembamba, kwa hiyo inafaa pale penye nafasi finyu. Ukiwa nayo, weka mbali kile kitako cha sumaku cha daili geji (kipimo cha sindano), maana sumaku kali ikiugusa utepe inaweza kuharibu alama zake. Ya tatu ni ya kioo, ndiyo inayouzwa zaidi pamoja na skrini yake, na ndiyo nitakayoieleza hapa. Mwenye utepe wa sumaku atafuata hatua zilezile, ila pengo la kichwa alichukue kwenye karatasi ya skeli yake.

Kwa karakana zetu, adui wa skeli ya kioo ni vumbi. Wakati wa kiangazi vumbi la Arusha ni jepesi kama unga, linaingia hata kwenye droo iliyofungwa. Skeli ina midomo miwili ya mpira inayofunga mwanya wake. Midomo hiyo ikitazama juu, umeifungulia mlango kila chenga ya chuma. Midomo itazame chini siku zote, na pasipowezekana, itazame upande ulio mbali na endimili.

Kabla ya kutoboa popote

Anza na gibu, vile vibao vya chuma vinavyoibana meza kwenye reli zake. Simamisha daili geji kwenye kichwa cha mashine, ncha yake iguse upande wa meza karibu na mwisho, kisha ushike mwisho huo wa meza na kuusukuma na kuuvuta kwa mkono. Sindano ikitembea zaidi ya mm 0.03, mimi nakaza gibu kwanza. Sababu ni hii: skeli iko pembeni au nyuma ya meza, na endimili inakata juu, pengine sentimita 15 kutoka hapo. Meza ikiyumba kwenye reli zake ni kama mlango wenye bawaba iliyolegea: karibu na bawaba huoni kitu, ukingo wa mbali unatembea. Skrini itasoma pale karibu na bawaba, na kipande chako kitakatwa kwenye ukingo. Gibu iliyolegea itakufanya uilaumu DRO kwa kosa lisilo lake.

Safisha reli, paka mafuta, kisha pima mwendo wa kila upande kutoka kituo hadi kituo. Pima kwa kuisogeza meza yenyewe. Usiuchukue kwenye tangazo la muuzaji wa mashine, kwa sababu mara nyingi meza inaenda mbali kidogo kuliko walivyoandika. Mwendo wa skeli uuzidi mwendo wa meza kwa mm 10 hadi 20. Mwili wa skeli nao ni mrefu kuliko mwendo wake, mara nyingi kwa sentimita 14 hivi, kwa hiyo angalia mchoro wa muuzaji na uhakikishe una mahali pa kuulaza. Ninamjua fundi aliyepata skeli ya Y nzuri kabisa ambayo haikutosha popote kwenye mashine yake.

Vifaa: drili, biti za mm 3.3, 4.2 na 5.0 kwa tepu (za kukata meno ya skrubu) za M4, M5 na M6, senta panchi, daili geji na kitako chake, spana za L, fila geji (vibati vya kupimia mwanya), vernia, mita ya umeme, na flati baa ya aluminiamu ya unene wa mm 10. Flati baa hiyo naisisitiza. Watu wengi wanaiacha, wanafunga skeli moja kwa moja kwenye mwili wa mashine, na hapo ndipo matatizo yanapoanzia.

X, na hapa usiwe na haraka

Skeli ya X, yaani ya kushoto na kulia, inafungwa kwenye meza, kichwa cha kusomea kwenye sadeli, kile kipande kilicho chini ya meza na kuibeba. Meza ikienda, skeli inaenda nayo, kichwa kinabaki na waya wake unatulia. Swali ni mbele au nyuma ya meza. Nyuma inajificha vizuri, haikugusi tumboni, na kufuli za meza zinabaki huru. Lakini meza ikirudi nyuma skeli inagonga nguzo mapema, na unaweza kupoteza mm 25 au zaidi za mwendo wa Y. Kwenye mashine ndogo hizo ni nyingi. Mbele hupotezi mwendo, ila unaziba kufuli na vituo. Mimi niliweka nyuma kwenye mashine yangu kwa sababu kazi zangu ni ndogo. Mwenzangu anayetengeneza vipuri vya magari ya watalii aliweka mbele, akatengeneza kufuli mpya zenye mshiko mrefu unaopita chini ya skeli. Tulichagua tofauti na wote tunafanya kazi bila shida.

Sasa mwili wa mashine. Upande wa nyuma wa meza mara nyingi umesawazishwa kwa mashine, hapo una bahati. Upande wa sadeli na kitako ni chuma cha kutupwa kilichopakwa bodi fila na rangi. Ukiweka rula utaona mwanga unapita chini yake. Skeli ikikazwa juu ya mawimbi hayo inajipinda kuyafuata, na kioo kilichomo ndani hakitaki kupindwa. Ndiyo kazi ya flati baa.

Kata flati baa ndefu kuliko skeli kidogo. Itoboe matundu ya bolti zinazoifunga kwenye mashine, kisha kando ya kila bolti tepu tundu la M5 na uweke skrubu isiyo na kichwa inayosukuma mwili wa mashine. Bolti inavuta, skrubu inasukuma, na kati yake unaiweka flati baa unapotaka hata kama chuma cha nyuma kimekaa kama barabara ya changarawe. Skeli inafungwa juu ya flati baa hiyo.

Kwenye kutoboa meza, pima mara tatu. Jua kilicho nyuma ya pale unapotoboa: sakafu ya mfereji wa T iko wapi, njia ya mafuta inapita wapi. Kina cha mm 12 kinatosha kwa M5. Weka utepe wa karatasi kwenye biti kuonyesha kina. Chuma cha kutupwa kinatobolewa kikavu, bila mafuta, kwa kuwa kina grafaiti yake ndani na vumbi lake likichanganyika na mafuta linakuwa uji unaoziba meno ya tepu. Ingiza tepu taratibu, itoe, futa vumbi, rudisha. Weka skwea ndogo kando ya tepu uhakikishe imesimama wima, maana tundu lililolala litaisukuma flati baa upande mmoja kila ukikaza.

Tundu la kwanza linapatikana hivi. Peleka meza katikati kabisa ya mwendo wake. Kichwa cha kusomea nacho kiweke katikati ya skeli. Shikilia skeli mahali pake kwa klampu, ukiwa umekitazamisha kichwa pale braketi yake, kile chuma kinachokishika, itakapokaa kwenye sadeli, weka alama, kisha piga senta panchi. Toboa upande mmoja tu kwanza, funga bolti moja, ndipo uweke alama ya upande wa pili.

Sasa daili geji. Kitako chake kiwe kwenye sadeli au kichwa cha mashine, ncha iguse uso wa mwili wa skeli. Peleka meza kutoka mwisho hadi mwisho, taratibu, na uandike kinachosomwa mwanzo, katikati na mwisho. Rekebisha kwa zile skrubu za kusukuma hadi tofauti iwe ndani ya mm 0.1. Kisha hamishia ncha kwenye upande wa juu wa skeli, rudia. Ukirekebisha mmoja, mwingine unasogea kidogo, kwa hiyo utarudi mara mbili au tatu. Mimi ilinichukua saa moja na nusu.

Watu huniuliza kwa nini usumbufu wote huu, je, skeli ikilala kidogo vipimo vitakosea? Karibu havikosei kabisa. Skeli ya mm 300 iliyolala kwa mm 1 nzima kati ya mwisho na mwisho inakosea chini ya mikroni 2 (mm 0.002) kwa urefu wote. Anayeumia ni kichwa cha kusomea. Kichwa kina pengo lake, na ndani yake kuna kigari kidogo chenye beringi kinachotembea juu ya kioo. Skeli ikilala, kila safari kinavutwa upande mmoja, hadi siku kitakaposagika au kuchubua mistari.

Braketi ya kichwa

Hapa ndipo nilipokosea mara ya kwanza, na ndiyo sababu ya kichwa cha mwongozo huu.

Nilikuwa na bati la mm 2, nikalikunja L safi, nikalipaka rangi, nikalifunga. Namba zilionekana nzuri. Akapita mzee mmoja aliyefanya kazi viwandani miaka mingi, akasimama kuitazama mashine.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hiki ndicho hicho kisomeo chenu?"

Akaweka kidole gumba kwenye braketi, akabonyeza polepole. Skrini ya X ikaondoka kwenye 0.000, ikaenda hadi 0.080. Akatoa kidole, ikarudi 0.015. Haikurudi sifuri.

"Meza imetembea?" akauliza.

"Hapana mzee."

"Basi kinachopimwa hapa ni kidole changu. Weka chuma, kijana."

Niliikata upya kutoka kwenye kipande cha engo chenye unene wa mm 8, kifupi iwezekanavyo, bolti mbili kila upande. Tangu siku ile kila braketi naipima kwa kidole: bonyeza kwa nguvu unayotumia kubonyeza kengele ya mlango. Ikisogea zaidi ya mm 0.005 kwenye skrini, au isiporudi ilipokuwa, inenepeshe au ifupishe. Midomo ya mpira inakivuta kichwa kila meza inapogeuza mwelekeo, na braketi laini inainama huku na huku. Utaona kama pleyi, ile uliyodhani umeikimbia.

Skeli nyingi zinakuja na vipande vyekundu vya plastiki vinavyokishika kichwa mahali pake. Usivitoe bado. Ndivyo vinavyoshikilia pengo sahihi wakati unafunga. Leta braketi hadi karibu na kichwa, chukua fila geji upime nafasi iliyobaki kati ya braketi na kichwa, halafu jaza nafasi hiyo kwa washa au shimu, vile vibati vyembamba vya kujazia, vyenye unene uleule. Kosa kubwa ni kuacha mwanya wa nusu milimita na kuutegemea uzibwe na bolti. Bolti itauziba kweli, kwa kukivuta kichwa kutoka mahali pake. Baada ya kukaza ndipo utoe plastiki. Kichwa kisiruke kinapoachiwa. Kikiruka, shimu zako hazijatosha.

Kisha zungusha hendo polepole sana kuelekea kila mwisho, mkono mmoja ukiwa kwenye hendo na macho kwenye kichwa cha kusomea. Meza lazima ifike kwenye kituo chake kabla kichwa hakijafika mwisho wa skeli, na zibaki angalau mm 5 kila upande. Kichwa kikigonga mwisho wa skeli mara moja kwa nguvu ya skrubu, kioo kinapasuka na hakuna fundi wa kukiunga.

Y na Z

Y ni fupi, inakwenda haraka. Skeli kwenye kitako cha mashine, upande wa kulia mara nyingi, kichwa kwenye sadeli. Flati baa yenye skrubu za kusukuma ni ya lazima hapa kwa sababu ya ile rangi na bodi fila. Angalia isizibe kufuli ya Y wala tundu la kutia mafuta.

Skeli ya Z, yaani ya juu na chini, inafungwa kwenye nguzo, kichwa chake cha kusomea kwenye kichwa cha mashine. Tahadhari moja: mashine yako ikiwa na kwili, yaani spindo inayoshuka yenyewe kama ya drili ya mezani, skeli ya nguzo haioni mwendo huo. Utashusha kwili mm 10 na skrini itasema hujasogea. Mwenye mashine hiyo aweke skeli ndogo kwenye kwili, au afanye kama mimi: kwili inafungwa palepale, na kina chote kinashushwa kwa kichwa cha mashine.

Kila skeli ipate paa lake. Kipande cha bati au engo nyembamba ya aluminiamu juu ya skeli, kikiwa hakigusi kichwa popote kwenye mwendo wote.

Nyaya, ethi na umeme wetu

Waya wa kila kichwa uache kitanzi kilicholegea, halafu upeleke meza kwenye pembe zote nne na Z juu na chini ukitazama kama unavutwa au unabanwa popote. Ndipo ufunge. Kitanzi kining'inie chini kuliko plagi ili mafuta yakitiririka kwenye waya yadondoke hapo, yasiingie kwenye skrini. Skrini iweke usawa wa macho, mbali na chenga zinazoruka, kwenye mkono ulioshikwa na ukuta au benchi badala ya mashine inayotetemeka.

Ethi usiipuuze. Nyuma ya skrini kuna skrubu ya ethi. Iunganishe kwa waya mnene na mwili wa mashine, na mwili wa mashine uwe na ethi ya kweli inayofika ardhini. Pima kwa mita: kati ya mwili wa skeli na mwili wa mashine upate karibu na sifuri. Rangi mara nyingi inazuia, kwaruza chini ya washa moja. Milingi nyingi ndogo zina mota yenye kidhibiti cha mwendo, na kidhibiti hicho kinatoa kelele za umeme. Nyaya za skeli zisitembee pamoja na waya wa mota. Ukiwasha mota na namba zikaruka zenyewe huku meza imefungwa kufuli, tafuta ethi kwanza kabla ya kulaumu skeli.

Umeme wetu unapanda na kushuka, hasa mashine ya kuchomelea ya jirani ikianza. Skrini niliiweka kwenye stebilaiza yake ndogo, tofauti na mota. Skrini nyingi zinakumbuka namba ya mwisho umeme ukikatika, lakini meza ikisogezwa wakati skrini imezimika, haikuona. Kwa hiyo kila nikianza kazi ninayoijali, ninaandika kwa chaki sifuri yangu iko kwenye ukingo gani wa kipande, ili niweze kuirudia.

Kuweka skrini

Weka hatua ya skeli 0.005, kipimo milimita, na mwelekeo wa kila upande. Fikiria endimili ndiyo inayotembea juu ya kipande: meza ikienda kushoto kwako, endimili imeenda kulia, kwa hiyo X iongezeke. Meza ikija kwako, Y iongezeke. Kichwa cha mashine kikipanda, Z iongezeke. Ukiiacha kinyume utazoea vibaya, na siku utakapotumia mchoro wa mtu mwingine utatoboa upande wa pili. Hakikisha pia upande wowote haujawekwa kusoma kipenyo, maana mpangilio huo ni wa mashine ya kukereza na unazidisha namba mara mbili.

Jaribu kabla ya kuamini

Kwanza, kurudi. Weka daili geji iguse kipande kwenye meza, sifuri zote mbili. Ondoka mm 20, rudi hadi daili isome sifuri. Skrini nayo isome sifuri, au 0.005 tu pembeni. Fanya ukitokea kushoto, kisha kulia. Zikitofautiana, rudi kwenye braketi na gibu.

Pili, urefu. Mwenye vipande vya kupimia atumie hivyo. Asiye navyo anunue beringi mpya ya 6205 kutoka duka linaloaminika. Duara lake la nje ni mm 52, na kiwango cha kawaida kinaruhusu lipungue kwa mikroni 13 tu. Ibane kidogo, tafuta kwanza katikati ya Y, kisha gusa pande zote mbili za X kwa kitafuta ukingo cha mm 10, kile kijiti kinachofungwa kwenye spindo kutafuta ukingo wa kipande. Kati ya mguso na mguso skrini isome karibu na 62.00, yaani 52 ya beringi na 10 ya kitafuta ukingo. Nilipata 61.985 na nikaridhika. Beringi isiwe imetoka juani: chuma cha mm 100 kikipata joto la nyuzi 10 zaidi kinarefuka kama mm 0.012, na hapo unapima jua.

Kosa likiongezeka sawasawa na urefu, skrini ina mahali pa kuingiza marekebisho. Likirukaruka bila mpango, usiingize chochote. Tafuta kilicholegea.

Flenji ileile

Bana flenji, gusa ukingo wa kushoto, weka X sifuri, gusa wa kulia, bonyeza X kisha kitufe cha nusu. Zungusha hadi 0.000, uko katikati. Kipenyo cha kitafuta ukingo kimejifuta chenyewe kwa sababu umegusa pande mbili. Fanya hivyo Y. Halafu matundu 6 ya duara la mm 80 ni haya: X 40 Y 0, X 20 Y 34.64, X -20 Y 34.64, X -40 Y 0, X -20 Y -34.64, X 20 Y -34.64. Skrini nyingi zinakokotoa zenyewe ukiingiza kipenyo, idadi na pembe ya kuanzia, lakini andika hizi kwa mkono mara ya kwanza, uone kama skrini inakubaliana nawe. Kwenye kila tundu fika, kaza kufuli za X na Y, angalia namba haijahama wakati wa kukaza, toboa kwanza na senta biti.

Yule mteja wa Ngaramtoni nilimtengenezea nyingine bila malipo. Mtu alikuja mlangoni tena, nikazungumza naye, nikarudi, namba ilikuwa palepale inanisubiri.

Kuitunza ni kidogo. Brashi laini kila jioni, usipulizie upepo wa kompresa kwenye midomo ya skeli kwa sababu unasukuma vumbi ndani, na mara moja kwa mwezi kaza bolti za braketi na kurudia jaribio la kidole. Msimu wa masika, karakana ikiwa na unyevu, mimi naiacha skrini imewashwa mchana kutwa hata nisipokata, na jioni nafunika meza yote kwa kitambaa kizito badala ya nailoni, maana nailoni inashika jasho na asubuhi unakuta matone juu ya skeli.